Dago la Magari-Nyumba

Wamarekani wana mahali wanapopaita 'RV park'. Herufi hizo mbili ni ufupisho wa maneno yanayomaanisha chombo cha magurudumu cha mapumziko: ama gari kubwa kama basi lenye vitanda, jiko na choo ndani, ama tela lenye vitu hivyohivyo linalokokotwa na pikapu. Vyombo hivyo hukusanyika mahali pamoja, kila kimoja katika nafasi yake, na wenyewe hukaa usiku mmoja au hata miezi. Mfasiri akilifasiri jina hilo kipande kwa kipande ataambulia 'bustani ya magari ya burudani', na msomaji atawaza maua na gari la matangazo lenye spika juu ya paa. Akikimbilia 'maegesho', msomaji ataona lami, mistari myeupe na mlinzi getini, mahali ambapo hakuna anayeoga wala kupika. 'Hifadhi' nayo tumeshawapa tembo wa Serengeti na Mikumi. Nadhani jina linalofaa litoke kwenye kazi ya mahali penyewe, na neno la kazi hiyo wavuvi wa pwani yetu wanalo siku zote: dago.

Tuanze na chombo, kwa kuwa hapo ndipo wengi hukwama. Napendekeza 'gari-nyumba', wingi 'magari-nyumba'. Kuna atakayesema kwamba tela halina injini, kwa hiyo si gari. Lakini Kiswahili hakijawahi kudai injini ili kitu kiitwe gari. Tunalo gari la ng'ombe, na behewa la gari la moshi halijisukumi lenyewe, bado tunasema tumepanda gari la moshi. Kinachofanya kitu kiwe gari katika lugha yetu ni magurudumu na safari. Kwa hiyo 'gari-nyumba' linabeba aina zote mbili bila kulazimisha, na wazo la mapumziko tunaweza kuliacha kabisa. Mtu anayelala ndani ya chombo hicho kwa sababu ya kazi ya msimu hayuko mapumzikoni, ila chombo ni kilekile. Ndivyo tulivyofanya kwa 'gari la wagonjwa', ambalo linatamka kazi yake waziwazi, na hakuna aliyewahi kuuliza mzizi wa neno la Kizungu.

Sasa mahali. Jina la mahali lipimwe kwa mtu anayepachagua, na mfano mzuri ni Paso Robles, mji wa mizabibu katika kaunti ya San Luis Obispo, California. Eneo hilo lilitambuliwa rasmi kuwa eneo la kilimo cha zabibu za mvinyo mwaka 1983, na leo lina watengeneza mvinyo zaidi ya 200. Kutoka hapo ukishika Barabara ya 46 kuelekea magharibi, ukavuka milima, unafika Bahari ya Pasifiki karibu na Cambria baada ya kilomita 50 hivi. Umbali ni mdogo, lakini hali ya hewa ni ya nchi mbili. Maji ya Pasifiki pale ni baridi, hivyo mchana wa Julai mji wa pwani wa Morro Bay unaweza kufunikwa na ukungu na kipimajoto kisifike nyuzi 20, wakati huohuo Paso Robles imepita nyuzi 33. Jioni upepo wa bahari hupenya kwenye pengo la milima karibu na Templeton, na joto la bara hushuka kwa nyuzi 20 hivi kabla ya alfajiri. Mkulima wa zabibu anaushukuru ubaridi huo kwa kuwa unabakiza uchachu kwenye tunda. Msafiri wa gari-nyumba yeye anauhesabu kwa ampea.

Ampea zenyewe ziko kwenye nguzo fupi iliyosimama pembeni mwa kila nafasi. Ukifungua kifuniko unakuta soketi na sakiti breka zake. Soketi ya matundu matatu ni ya ampea 30 kwa volti 120, yaani wati 3,600. Ile ya matundu manne ni ya ampea 50 katika nyaya mbili, yaani wati 12,000. Kiyoyozi kimoja cha gari-nyumba kinaweza kula wati 1,500. Ukiwa na viyoyozi viwili Paso Robles, kisha mtu akawasha maikrowevu, breka ya ampea 30 inakatika, na ndani ya saa moja gari ni tanuri. Kule Morro Bay ampea hizohizo zinatosha na kusaza. Chini ya nguzo kuna bomba la maji safi, na hatua chache kutoka hapo kuna tundu la maji taka lenye kifuniko. Mpira mnene wa maji taka hulazwa kwa mteremko kutoka kwenye gari hadi kwenye tundu hilo. Koki ya tangi la choo huachwa imefungwa mpaka tangi likaribie kujaa, kwani ikiachwa wazi maji hutangulia na uchafu mzito unabaki ukigandamana. Umeme, maji na taka, ndiyo mambo matatu anayolipia mtu. Mandhari ya mizabibu huja baada ya hayo, tena yana gharama zake: wakati wa mavuno, Agosti hadi Oktoba, mashamba mengi huvunwa usiku kwa mashine na taa kali, na anayetaka usingizi afadhali asilale ukingoni mwa shamba. Halafu gari lenye urefu wa mita 11 halipelekwi kwenye vijia vyembamba vya viwanda vya mvinyo. Linabaki mahali pake limeunganishwa, na wenyewe wanazunguka kwa gari dogo.

Hapo ndipo dago linapoingia. Dago ni kambi ya muda ya wavuvi wanaofuata samaki kwa msimu, kama Wapemba wanaokwenda pwani ya Kenya wakati wa kaskazi. Wanafika na vyombo vyao, wanakaa, wanatoka asubuhi kwenda kwenye shughuli na kurudi jioni, msimu ukiisha wanaondoka na walivyoleta. Wanakaa kwa ridhaa ya wenyeji. Sifa zote hizo zimo katika mahali tunapopatafutia jina: mgeni anakuja na chombo chake, mwenyeji anampa nafasi, na makao ni ya muda ingawa si ya kupita njia. Hata kitenzi 'kuegesha' kilihusu chombo cha baharini kabla hakijaletwa barabarani, kwa hiyo kulileta dago nchi kavu ni kufuata njia iliyokwisha kukanyagwa.

Pingamizi la kwanza, na lenye uzito, ni kwamba msomaji wa Kigoma au Bunia hajalisikia neno hili, ilhali 'kambi' linajulikana kote. Kweli. Ila kambi imebeba mizigo mingi mno: wakimbizi, jeshi, hata kambi ya upinzani bungeni. Zaidi ya hayo tunaihitaji kwa wenye mahema, ambao katika fukwe za California mara nyingi hupewa eneo lao. Tukiita vyote kambi, msafiri hatajua kama atakuta nguzo ya umeme au kipande cha nyasi tu. Pingamizi la pili hutaja historia: 'ngamizi' lilipendekezwa, na watu wakabaki na 'kompyuta'. Naliheshimu onyo hilo. Lakini 'ngamizi' lilipambana na neno ambalo watu walikwisha kulizoea midomoni, na 'RV park' halijafika huko. Zaidi ya hayo, dago halikuundwa mezani. Ni neno la watu walio hai. Wa tatu atasema dago la mvuvi halina mabomba. Halina, na ndiyo maana kivumishi kinahitajika.

Kwa huduma zile tatu natumia 'maunganisho'. Penye umeme, maji na tundu la taka ni dago lenye maunganisho kamili. Penye umeme na maji tu ni dago lenye maunganisho nusu, na mkaaji atalazimika kuliendesha gari hadi penye tundu la pamoja la kumwagia taka. Zipo pia sehemu zisizo na lolote kati ya hayo, zikiwemo nyingi za serikali ya jimbo kandokando ya bahari, ambako watu huishi kwa betri na kwa maji waliyoyajaza kabla ya kuingia. Hizo naziita dago kavu, na ukungu wa Morro Bay ukiwa umetanda, siku mbili tatu za dago kavu zinavumilika bila kiyoyozi. Paso Robles mwezi Julai hazivumiliki.