Philip Meyer, mwandishi aliyezipima ghasia za Detroit

Usiku wa kuamkia Julai 23, 1967, polisi wa Detroit, Marekani, walivamia kilabu cha pombe kisicho na leseni katika Mtaa wa 12. Mji ukalipuka. Ghasia zilipotulia, watu 43 walikuwa wamekufa.

Maelezo hayakukawia kutolewa. Wapo waliodai waliofanya fujo ni walala hoi wasiosoma. Wengine waliwanyooshea kidole Weusi waliohamia kutoka majimbo ya Kusini, eti maisha ya mjini yamewashinda.

Philip Meyer, mwandishi wa magazeti ya Knight, ndio kwanza alikuwa ametoka Harvard, alikojifunza mbinu za utafiti wa jamii na matumizi ya kompyuta. Akaenda kulisaidia gazeti la Detroit Free Press. Badala ya kuokoteza kauli za wapita njia, alishirikiana na watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan. Waliandaa dodoso, wakateua sampuli ya wakazi Weusi wa mitaa iliyokumbwa na ghasia, wakahoji watu 437, kisha majibu yakachambuliwa kwa kompyuta.

Dhana zote mbili zilianguka. Waliofika chuo walishiriki ghasia sawa na walioacha shule. Waliokulia Kusini, wale wale waliobebeshwa lawama, walishiriki kidogo kuliko waliokulia Kaskazini. Mwaka 1968 gazeti hilo lilipata Tuzo ya Pulitzer kwa habari zake za ghasia hizo.

Mwaka 1973 Meyer alichapisha kitabu *Precision Journalism*, akiwafundisha wanahabari kupima madai kama wanasayansi wanavyofanya. Katika miaka hiyo pia aliwasaidia Donald Barlett na James Steele wa Philadelphia Inquirer kuchambua kwa kompyuta majalada zaidi ya 1,000 ya kesi za jinai, ili kuona mahakama zinavyotoa hukumu.

Kuanzia 1981 alifundisha Chuo Kikuu cha North Carolina, Chapel Hill, hadi alipostaafu 2008. Alifariki Novemba 2023 akiwa na miaka 93.

Kompyuta aliyoitumia imepitwa na wakati; swali lake bado. Mhariri akiletewa habari inayoanza na "wananchi wengi wanasema", asiipitishe kabla hajamuuliza mwandishi wake: umewauliza wangapi, na umewapataje?