Kabla ya YouTube, demo ilichomwa CD moja moja

Wadau, kabla YouTube haijaanza mwaka 2005, chipukizi wa Bongo Flava alizunguka redio za Dar na demo mkononi. Kiwandani walitaka oda ya CD 500 au 1,000, maana kuandaa mashine ndiyo gharama kubwa. Hela hiyo atoe wapi? Wengi walichoma kwenye kompyuta, jina wakaandika kwa makapeni, kava wakatoa fotokopi.

Albamu ikiwa tayari, msambazaji wa Kariakoo ndiye aliyelipia kudurufu kanda na kava. Msanii akamkabidhi masta. Nyimbo zikabamba mtaani, ila zimeuzwa kopi ngapi? Anajua mwenye duka. Gharama ya kopi iliwanyima wengi jasho lao.

Leo kupakia wimbo ni bando tu. Masta yako anayo nani?