Nani Alikata Nyuzi za Beethoven?

Anton Reicha, rafiki wa Beethoven tangu ujana wao kule Bonn, alisimulia kwamba aliombwa amfunulie kurasa wakati Beethoven akipiga konseto ya Mozart. Kurasa zenyewe hakuzigusa sana. Muda mwingi alikuwa aking'oa nyuzi zilizokatika huku nyundo zikinasa katikati yake.

Kisa hiki kinapendwa kwa sababu kinatupa Beethoven tunayemtaka: nywele timtim, hasira, mkono mzito. Mimi ni mwandishi wa habari, na nikisikia mtu katiwa hatiani haraka hivyo, huuliza: ushahidi wenyewe unasemaje?

Waulize mafundi. Uzi ukikatika kila mara kwenye piano inayopigwa sana, fundi makini haanzi kwa kufunga mpya. Anatazama umekatikia wapi. Kama nyuzi zinakatika mahali pale pale, labda pale zinapopinda kupita juu ya chuma, basi hapo pana ukingo mkali au mfereji uliochimbika. Kama nyundo zimeshindiliwa hadi sufu yake ikawa ngumu kama ubao, kila pigo linaumiza. Na kama zinakatika huku na huko, bila mpangilio, basi ni kutu au uchovu wa waya: seti nzima imefika mwisho wake.

Sasa rudi kwa Reicha. Zilikatika nyuzi kadhaa ndani ya muziki mmoja. Piano za enzi hiyo zilikuwa na fremu ya mbao, nyuzi nyembamba za chuma na shaba, na nyundo ndogo zilizovikwa ngozi. Ziliundwa kwa ajili ya sebule. Beethoven alitaka ziseme kwa sauti ya ukumbi.

Na hakuwa peke yake. Liszt alipopiga Vienna mwaka 1838, nyuzi zilikatika vilevile. Wapigaji wawili, enzi mbili, tatizo lile lile. Hapo mimi naanza kuitilia shaka ala, siyo tabia ya mtu.

Watengenezaji nao walilielewa hilo. Mwaka 1825, Alpheus Babcock wa Boston alipata hataza ya fremu ya chuma ya kipande kimoja. Mwaka 1859, Steinway wa New York wakapata hataza ya piano kubwa ambayo nyuzi za besi zinapita juu ya nyingine. Na waya nao, ni wa chuma cha pua? Hapana, ni feleji, ngumu kuliko chuma cha zamani. Leo piano kubwa ina nyuzi zaidi ya 200, zinazovuta kwa jumla ya takribani tani 20. Mbao peke yake isingehimili.

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Ile sauti nene tunayoiita ya Beethoven, yeye mwenyewe aliidai kwenye ala ambayo haikuwa tayari kuitoa. Nyuzi za Reicha zilikuwa madai ya kwanza.