Kuzimu, Mizimu na Marehemu: Lugha ya Kuwakumbuka Wafu katika Ufipa



1. Utangulizi

Kila tarehe 2 Novemba, waamini Wakatoliki wa Sumbawanga na vijiji vya uwanda wa juu wa Ufipa huwakumbuka marehemu wote. Makaburi hupaliliwa, mishumaa huwashwa, Misa husomwa na majina ya wafu hutajwa. Adhimisho hili lilianzishwa na Abate Odilo wa Cluny, Ufaransa, mwishoni mwa karne ya 10. Huko huangukia majira ya kupukutika majani, ambayo vitabu vyetu huyaita "vuli". Pwani, hata hivyo, vuli ni mvua fupi. Na Ufipa, yenye msimu mmoja wa mvua, haina vuli ya namna yoyote kati ya hizo mbili. Novemba kwao ni mwanzo wa mvua, wakati matuta yaliyofukia nyasi hutawanywa ili kupandwa ulezi. Siku ya wafu imefika kwao wakati wa mbegu.

Hoja yangu ni kwamba historia ya adhimisho hili imehifadhiwa katika maneno matatu: *kuzimu*, *mizimu* na *marehemu*.

2. Maneno na safari zake

Wamisionari wa Afrika, maarufu kama Mapadri Weupe, walikabidhiwa kituo cha Karema, mwambao wa Ziwa Tanganyika, mwaka 1885. Hapo walikusanyika watu wa asili mbalimbali, wakiwamo watoto waliokombolewa utumwani, na Kiswahili kikawaunganisha. Kutoka mwambaoni imani ilipanda hadi uwandani, kwenye falme za Nkansi na Lyangalile. Askofu Adolphe Lechaptois, aliyeongoza vikarieti hiyo tangu 1891 hadi alipofariki mwaka 1917, alichapisha mwaka 1913 kitabu kinachoeleza kwa kirefu mila za wenyeji wa nchi hiyo.

Lugha ya imani ilihitaji jina la waliokufa. Neno *mzimu* lilikuwapo. Ni neno la Kibantu lenye ndugu zake kutoka Rwanda hadi Lesotho. Lakini lilibeba tambiko, basi likasukumwa upande wa "upagani". Badala yake likashika *marehemu*, neno la asili ya Kiarabu lenye maana ya "aliyerehemiwa", ambalo Waislamu wa pwani walikuwa wamekwisha kulizoea. Vivyo hivyo *toharani*, mahali pa kutakaswa, lilijengwa juu ya *tohara*. Mkristo wa Ufipa alifundishwa kumwombea babu yake kwa maneno yaliyopitia msikitini.

Hata hivyo shina *-zimu* halikufutika. Katika Kanuni ya Imani ya Mitume, Kristo hushukia *kuzimu*. Mizimu ilikatazwa, lakini makao yake yakaendelea kutajwa na kila aliyesali Kanuni hiyo.

3. Nani anamhitaji nani?

Tofauti ya maneno haya si ya mapambo. Mizimu hutoa: hubariki, huonya, huadhibu, aliye hai ndiye mwenye haja. Marehemu huhitaji: anangoja rehema, na aliye hai ndiye humsaidia kwa sala. Kuhama kutoka neno moja hadi jingine ni kugeuza mwelekeo wa wajibu kati ya kaburi na nyumba. Pengine ndiyo sababu siku mbili zinahitajika. Tarehe 1 Novemba, Sikukuu ya Watakatifu Wote, walio hai huomba msaada kwa waliotangulia; kesho yake huwapa msaada. Mkononi mwa mjukuu, siku hizo mbili zinaunganisha tena kile ambacho msamiati ulikitenganisha.

Kanisa lenyewe lilisogea. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya liturujia ya mwaka 1963, uliagiza ibada za maziko zilingane na mapokeo ya kila nchi. Jimbo la Sumbawanga lilipoundwa mwaka 1969, Kilatini kilikuwa kinaiachia nafasi Kiswahili altareni. Mwaka 1984 mwanateolojia Charles Nyamiti, mzaliwa wa Unyamwezi, alichapisha kitabu kinachomtazama Kristo kama Mhenga. Mwaka 1995 waraka wa Papa Yohane Paulo II kuhusu Afrika uliiona heshima kwa wahenga kuwa maandalizi ya imani katika ushirika wa watakatifu.

4. Hitimisho

Leo kijana wa mjini akisikia "mzimu" hufikiri kitu cha kutisha usiku. Hajui kwamba ni jina la babu yake. Sisi wanaisimu tuna sehemu yetu ya lawama, kwa kuwa kamusi inayofafanua neno hili kwa hofu tu hukamilisha kazi ambayo katekisimu haikuimaliza. Tukilifafanua upya, hatutakuwa tunawarudisha watu kwenye matambiko. Tutakuwa tunawarudishia wafu wao heshima ya kuitwa kwa lugha waliyoiacha.