Tija kwa Shilingi: Kulinganisha Vichakataji vya Seva

Meneja wa Sacco mjini Karatina anayetaka kununua seva ataletewa na wauzaji karatasi zilizojaa maneno mawili, utendaji na thamani. La kwanza halina ubaya. La pili linampoteza. Kwa Kiswahili, kitu cha thamani ni kitu cha bei kubwa, kama dhahabu. Akiambiwa kichakataji hiki kina thamani kuliko kile, ataelewa kwamba hiki ndicho ghali, ilhali muuzaji amekusudia kwamba kwa fedha zilezile hiki kinafanya kazi nyingi zaidi. Dhana hiyo ina neno lake tayari, na wakulima wa Nyeri hulisikia kila wanapozungumza na afisa wa kilimo: tija. Napendekeza tuseme tija kwa shilingi, yaani kiasi cha kazi kinachopatikana kwa kila shilingi inayotumika.

Tuanze na kazi yenyewe. Kichakataji ni kipande cha silikoni kinachopokea maagizo ya programu na kuyatekeleza, na seva ni kompyuta inayozihudumia kompyuta nyingine. Kitenzi kuchakata ndicho tunachotumia kwa kahawa inayofikishwa kiwandani Othaya au Mathira, na kiwanda hicho kinatufaa kwa mfano. Wakati wa mavuno, unaweza kuuliza debe moja humalizika kwa muda gani, au kiwanda kizima humaliza madebe mangapi kufikia jioni. Mashine moja yenye mwendo wa haraka hushinda katika swali la kwanza. Mashine nane za wastani hushinda katika la pili. Hayo ni maswali mawili, na anayeyachanganya atanunua mashine isiyomfaa. Shirika la SPEC la Marekani, lililoanzishwa mwaka 1988 kutunga vipimo vya kompyuta, linayatenganisha kabisa: katika jaribio lake la CPU 2017 kuna alama za SPECspeed, zinazopima kazi moja inamalizika upesi kiasi gani, na alama za SPECrate, zinazopima kazi nyingi zinazofanywa kwa pamoja. Mimi huita la kwanza kasi na la pili pato.

Mwaka 2019 ulitupa mfano ulio wazi kuliko yote ninayoijua. Kampuni ya Intel ilikuwa ikiuza kichakataji cha Xeon Platinum 8280 yenye viini 28 kwa bei rasmi ya dola 10,009. Mwezi Agosti mshindani wake, AMD, ikatoa EPYC 7742 yenye viini 64 kwa dola 6,950. Kiini ni sehemu ya kichakataji inayoweza kutekeleza maagizo peke yake, kwa hiyo ukigawanya bei kwa viini unapata takriban dola 357 kwa kila kiini upande wa Intel na 109 upande wa AMD. Kwa pato, shindano liliishia hapo. Kwa kasi, halikuishia hapo: kiini kimoja cha 8280 kingeweza kufika gigahezi 4.0, na cha 7742 kilikomea 3.4. Gigahezi huhesabu mabilioni ya mapigo ya saa ya ndani ya kichakataji kwa sekunde. Hazilinganishiki moja kwa moja kati ya miundo miwili tofauti, lakini pengo la bei halikuwa na maana ileile kwa kila mnunuzi.

Kisha kuna leseni, na hapa ndipo wanunuzi wengi huumia. Programu nyingi za seva hulipiwa kwa idadi ya viini. Mfumo endeshi wa Windows Server umekuwa hivyo tangu toleo la 2016. Kampuni ya VMware, inayouza programu za kugawa seva moja kuwa seva pepe nyingi na iliyokuwa ikitoza kwa kila kichakataji, ilibadilisha kanuni mwezi Aprili 2020: leseni moja ikawa inatosha viini 32 tu, na mwenye kichakataji cha viini 64 akahitaji mbili. Sacco inayoendesha hifadhidata ya kulipiwa, ambamo mwanachama mmoja anasubiri salio lake dirishani, inaweza kupata tija kubwa zaidi kwa viini vichache vyenye kasi kuliko kwa viini vingi vya bei nafuu. Jambo hilo haliandikwi kwenye karatasi ya muuzaji.

Umeme pia ni sehemu ya bei. Seva zilizotumika Ulaya zinauzwa Kenya kwa bei ya kuvutia, na baadhi zina Xeon E5-2670 mbili za mwaka 2012, kila moja ikiwa na viini vinane na kiwango cha joto, kinachokadiria umeme unaoliwa, cha wati 115. Jumla ni viini 16 na wati 230. EPYC 7302P ya 2019 ina viini 16 hivyohivyo, kwa wati 155, na kila kiini chake hufanya kazi zaidi kwa kila pigo la saa. Tofauti ya wati 75, mashine zikifanya kazi kwa kiwango hicho usiku na mchana, ni uniti 657 kwa mwaka. Tukichukulia shilingi 25 kwa uniti, ni shilingi 16,425 kila mwaka, kabla ya kuhesabu betri za akiba. Baridi ya Nyeri mwezi Julai husaidia kupoza chumba, lakini haipunguzi uniti zinazoliwa na kichakataji. Isitoshe, ile Xeon ya 2012 haina kundi la maagizo ya AVX2, na mfumo endeshi wa Red Hat Enterprise Linux 10, uliotolewa mwaka 2025, haukubali kichakataji kisicho nayo. Bei ya chini ya leo inaweza kununua mashine ambayo mfumo endeshi mpya umeshaikataa.

Mambo haya yana wenyewe papa hapa Nyeri. Katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, kituo cha sayansi ya data na akili bandia, DSAIL, kimeunda kamera kwa kutumia Raspberry Pi, kompyuta ndogo yenye kichakataji cha muundo wa Arm, na kuzitumia kupiga picha za wanyama katika hifadhi ya chuo. Kutambua mnyama katika maelfu ya picha ni kazi ya pato: picha moja haiisubiri nyingine, na kila kiini kinachoongezwa kinasaidia. Chuoni hapohapo ipo kampuni ya Semiconductor Technologies Limited inayojihusisha na utengenezaji wa saketi za semikonda. Vichakataji vya seva havitoki hapo. EPYC nilizozitaja zilitegemea viwanda vya TSMC vya Taiwan. Lakini vijana wanaojifunza kazi hiyo Nyeri wanastahili maneno yasiyogongana.

Ninawaomba wahadhiri wao na watunzi wa kamusi za TEHAMA watenge istilahi tatu. Utendaji uwe kazi inayofanyika, kwa kasi au kwa pato. Ufanisi uwe kazi kwa kila wati. Tija iwe kazi kwa kila shilingi, pamoja na leseni na umeme wa miaka yote ya matumizi. Nawe mnunuzi, muuzaji akikutajia thamani, mwambie akuandikie tija ya miaka mitano kwa kazi yako wewe, na usitie sahihi kabla hajaiandika.