Chombo na Fundi Wake: Habari za Motokaa katika Nchi ya Singida

Katika jubilei twahesabu makanisa, shule, hospitali na watu waliobatizwa, na ni haki kufanya hivyo. Lakini kuna kitu kimoja ambacho hakihesabiwi, nacho ni motokaa iliyomfikisha padre kigangoni na kumpeleka mgonjwa hospitalini. Habari zake ni habari za safari, na za kukwama njiani pia. Tena zina fundisho kwa kila parokia inayochanga fedha ili kununua gari.

Hapo kale watu walikwenda kwa miguu. Misafara iendayo Tabora ilipita Kilimatinde, mizigo ikiwa vichwani na mabegani mwa wapagazi. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912, ikipita Manyoni na Itigi, lakini Unyaturu na Unyiramba zilibaki mbali nayo. Katika miaka ya 1930 lilijengwa tawi la reli kutoka Manyoni mpaka Kinyangiri, ila katika miaka ya 1940 likafungwa na kung'olewa. Basi kwa muda mrefu watu wa huku walitegemea barabara za udongo tu. Wakati wa kiangazi zilikuwa mchanga na mawe. Wakati wa mvua, udongo mweusi wa mbuga kama za Wembere ulishika magurudumu usiyaachilie. Katika nchi ya namna hii gari kuharibika si ajabu. La kuuliza ni hili: likiharibika, nani aweza kulitengeneza, na kwa vyombo gani?

Katika motokaa za kwanza zilizojulikana sana duniani ni Ford ya namna ya T, iliyotengenezwa Marekani tangu mwaka 1908 hata 1927, zaidi ya milioni 15. Majeshi ya Waingereza yaliitumia katika Afrika Mashariki wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Kichwa cha injini yake kiliweza kufunguliwa peke yake, hata fundi mwenye spana chache akafikia valvu na pistoni chini ya mti. Haikukosa kasoro. Petroli ilishuka kutoka tangi kwa uzito wake yenyewe, bila pampu. Kwa hiyo mlimani, tangi likiwa karibu kuwa tupu, injini ilikosa mafuta, na dereva alilazimika kugeuza gari na kupanda kinyumenyume. Watu walicheka, lakini kila mtu aliona sababu ya shida na dawa yake. Kasoro iliyo wazi humwacha fundi na kazi ya kufanya. Iliyofichwa humfunga mikono.

Jirani zetu wa Kongwa waliona kinyume chake. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianza huko mpango mkubwa wa kulima karanga. Matrekta mengi yalinunuliwa yakiwa yamekwisha kutumika vitani, mengine kutoka mbali kama Ufilipino, na vifaru vya Sherman viligeuzwa na kampuni ya Vickers kuwa matrekta yaliyoitwa Shervick. Lakini kifaru hutengenezwa kwa ajili ya vita, wala si kwa kung'oa visiki kila siku katika vumbi. Vipuri havikutosha, karakana haikuwa tayari, na ardhi ilikuwa ngumu. Kabla mwaka ule haujaisha, thuluthi mbili hivi za matrekta zilikuwa zimesimama. Walikusudia kulima eka 150,000 katika mwaka wa kwanza; zilizopandwa hazikupita 10,000. Mwaka 1951 mpango uliachwa, na hasara ilizidi pauni milioni 35. Mfano wa Bwana wetu juu ya mtu aliyetaka kujenga mnara twaujua sote. Wakuu wa Kongwa walihesabu eka na magunia. Hawakuhesabu siku za fundi.

Mwaka 1948 ikaonekana Land Rover, yenye mabati ya alumini yaliyonyooka, mengi yamefungwa kwa bolti, hata fundi aliweza kubadili kipande kimoja bila kuvunja kingine. Baadaye zikaja Land Cruiser za Wajapani, na hapa tusilaumu taifa wala kampuni, maana kampuni ile ile imetengeneza namna zote mbili. Katika Land Cruiser ya jamii ya 70, iliyoanza mwaka 1984, zile zenye injini ya dizeli ya silinda sita zina stata ubavuni mwa injini, na mkono waifikia. Katika jamii ya 100, iliyoanza mwaka 1998, zile zenye injini ya petroli ya silinda nane zina stata katikati, kati ya safu mbili za silinda, chini ya mabomba ya hewa. Kifaa kidogo kikifa, fundi hana budi kubomoa sehemu ya juu ya injini kabla ya kukigusa. Aliyeichora alitazama uzuri wa mwendo. Hakumkumbuka mtu wa spana.

Ndipo fundi hulaumiwa. Watu husema ni mvivu, au ametoza mno, kumbe saa zake zimeliwa na kufungua vitu visivyoharibika ili akifikie kilichoharibika. Wakati huo mama mwenye uchungu wa kuzaa angoja kupelekwa Makiungu au Itigi, na sadaka za wakulima wa alizeti na vitunguu zaisha karakanani.

Kwa hiyo, enyi wazee wa halmashauri za parokia, kabla hamjanunua gari mwiteni fundi wenu. Afungue boneti, atazame stata, chujio na mikanda. Aseme ni kitu gani aweza kukitengeneza hapa hapa, na vipuri vyapatikana Singida au la. Nanyi walimu, msidharau kijana apendaye mafuta na vyuma; mpelekeni chuo cha ufundi, ajifunze hata kompyuta za magari ya siku hizi. Gari zuri ni lile ambalo, likilala njiani leo, mtu wa hapa aweza kuliamsha kesho.