Skeli si Geji

Anayejenga reli ya mfano nyumbani, na anayetaka treni yake iende kama treni ya kweli, hukutana mapema na istilahi mbili ambazo watu wengi huzichanganya: skeli na geji.

Skeli ni uwiano kati ya kitu halisi na mfano wake. Katika skeli ya 1:87, iitwayo HO, kila sentimita moja mezani husimamia sentimita 87 za treni halisi. Wanafunzi wanalijua neno hili kutoka kwenye somo la ramani, na sioni sababu ya kutafuta jingine. Wapo wanaopendelea "kipimo", lakini kipimo kimeshabebeshwa mengi: urefu, uzito, dozi ya dawa, hata uchunguzi wa maabara.

Geji ni nafasi kati ya reli mbili, ikipimwa upande wa ndani. Afrika Mashariki tuna geji tatu. Reli ya zamani, iliyoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, ina milimita 1,000, yaani mita moja. TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, ina 1,067, na reli ya kisasa, SGR, ina 1,435. Pale Kidatu, Tanzania, reli ya mita na TAZARA hukutana, lakini mzigo hulazimika kuhamishwa kutoka behewa hadi behewa.

Skeli hupunguza kila kitu, kuanzia dirisha la behewa hadi dereva mwenyewe. Geji ni upana wa njia tu. Njia ya kawaida ya HO ina upana wa milimita 16.5, zidisha kwa 87 na utapata 1,435, yaani SGR barabara. Lakini anayependa injini za mvuke za Garratt za daraja la 59, zilizopewa majina ya milima ya Afrika Mashariki, atakosea akiziweka juu ya njia hiyo. Hizo zilikuwa za reli ya mita. Katika skeli ileile ya 1:87 zinahitaji njia ya milimita 12, inayouzwa kwa jina la HOm. Mount Gelai, iliyoko kwenye makumbusho ya reli Nairobi, ingekuwa na urefu wa karibu sentimita 36 tu.

Uingereza waliyachanganya haya mawili na bado wanaishi na matokeo yake. Skeli yao maarufu, OO, ni takriban 1:76, lakini waliiweka juu ya njia ileile ya milimita 16.5. Matokeo yake treni zao husimama juu ya reli ambayo, kwa hesabu ya ukubwa halisi, ni nyembamba kwa zaidi ya sentimita 17. Wapo waliokerwa kiasi cha kutandika upya njia zao kwa mkono, taruma kwa taruma, na mimi nawaelewa kabisa.

Skeli inagusa mwendo pia. Treni ya kilomita 60 kwa saa, ikipunguzwa kwa 87, husogea sentimita 19 hivi kwa sekunde, kwa hiyo meza ya mita mbili huivuka kwa sekunde kumi na kidogo. Anayeivusha kwa sekunde mbili anaendesha zaidi ya kilomita 300 kwa saa, tena na mabehewa ya mizigo! Raha ya mchezo huu imo katika kuondoka polepole stesheni, kungoja ishara, kupishana kwenye njia ya pembeni.

Umbali, hata hivyo, hauwezi kutii skeli. Reli ya zamani ya Mombasa hadi Nairobi, kilomita 530 hivi, ingehitaji kilomita sita za njia ya mfano. Mjenzi huchagua stesheni chache, tuseme Voi na Makindu, na kuacha pori la katikati. Saa ya ukutani nayo huharakishwa ili ratiba ya siku nzima itoshe jioni moja.

Basi unayeanza, usinunue njia kwanza. Chagua reli unayoipenda, jua geji yake, igawanye kwa skeli uliyoichagua, ndipo uende dukani.